Mizizi Haisahau Kiriba

Mchungwa ulianguka usiku ambao hata jani la mgomba halikutikisika. Mama aliuona alfajiri akielekea kisimani, akanipigia simu sijatoka hata kitandani. "Mwanangu, mti wako umelala." Nikamuuliza kama kulikuwa na upepo. Akasema upepo haukuvuma, maji hayakujaa, ng'ombe hakupita. Mti umelala tu, na machungwa yake.

Nilifika Muheza, mkoani Tanga, Jumamosi. Majani yalikuwa bado mabichi, machungwa ya kijani yametapakaa chini, mengine hayajafikia hata ukubwa wa ngumi. Nikainama kuangalia pale ulipong'okea. Mti uliong'oka unatarajia kuuona na mizizi iliyotanuka pande zote kama mikono ya pweza, mingine imekatika, mingine bado imekumbatia udongo. Huu haukuwa hivyo. Chini ya shina palikuwa na bonge la mizizi iliyojiviringisha mara tatu, mara nne, kama ngata ya kuwekea ndoo kichwani. Upana wake ulikuwa wa kiganja kilichotandazwa. Nilikaa nikiutazama mpaka nikakumbuka nilikwisha kuuona wapi upana ule: ni kipimo cha kiriba, kile kifuko cha plastiki cha kuoteshea mche. Plastiki yenyewe tuliichana na kuitupa siku ya kupanda, mwaka 2014. Umbo lake lilibaki ndani ya mti kwa miaka 9.

Mama alisimama pembeni, mikono kiunoni, akauliza: "Udongo wote huu ulikuwa wake. Kwa nini ujifunge wenyewe?"

Nimefundisha Biolojia sekondari kwa miaka 12. Kila mwaka nimechora ubaoni mimea miwili, kushoto wenye mzizi mkuu mmoja na matawi yake, kulia wenye mizizi mingi membamba kama nyuzi. Chini yake nimeandika kazi za mizizi: kushikilia mmea, kufyonza maji na chumvichumvi, kuhifadhi chakula. Wanafunzi wananakili, mtihani unafika, wanapata alama zao. Yote hayo nimeyafundisha kwa Kiingereza, na pale shambani, mbele ya mama aliyenilea kwa jembe, sikuwa na sentensi moja kamili ya Kiswahili ya kumjibu. Niliona haya. Makala haya ni jibu lake, na nimeyaandika kwa lugha aliyoniulizia.

Nianze pale mti unapoanzia. Mbegu ikinywa maji ya kutosha, kitu cha kwanza kutoka ni mzizi, wala si jani. Chukua kunde moja, iweke kwenye gilasi yenye pamba iliyolowa maji, subiri siku mbili. Kitachomoza kidole cheupe, kitaelekea chini. Igeuze ile kunde kichwa chini miguu juu. Baada ya saa chache utaona kile kidole kimejipinda na kuelekea chini tena. Geuza tena, kitapinda tena. Nimefanya jaribio hili na wanafunzi mara nyingi na sijawahi kuona darasa lililobaki limenyamaza.

Siri iko kwenye ncha. Mwisho wa kila mzizi una kofia, tabaka dogo linalokubali kuchubuka ili sehemu laini iliyo nyuma yake isiumie inapopenya udongo. Ndani ya kofia hiyo kuna seli zenye punje za wanga, nzito kuliko vitu vingine vilivyomo mle. Punje hizo hutuama upande wa chini, kama mchanga unavyotuama kwenye chupa ya maji, na mzizi ukilazwa huhamia upande mpya wa chini. Hivyo ndivyo mzizi unavyojua ardhi iko wapi. Mwaka 1880, Charles Darwin na mwanawe Francis walichapisha majaribio waliyoyafanya kuhusu mwendo wa mimea. Waliikata ncha, wakaulaza mzizi: ukaendelea kurefuka lakini haukupinda. Darwin alivutwa sana na jambo hilo hata akaifananisha ncha ya mzizi na ubongo wa mnyama mdogo.

Sasa tia kidole hicho cheupe ndani ya kiriba. Kitashuka moja kwa moja kwa wiki chache, kisha kitagonga plastiki ya chini. Hakiwezi kuitoboa. Kurudi juu hakitaki, maana punje zake zinakiambia chini ni huku. Kitafuata ukuta, kitazunguka, kikikutana na njia yake chenyewe kitapita juu yake na kuendelea kuzunguka. Kwa hiyo, mama, mzizi haukujifunga. Tulioufunga ni sisi.

Wakati huo bado ni mlaini. Ukiutoa kwa upole unaweza kuunyoosha kwa vidole, au ukakata sehemu iliyojikunja na mpya zikaota pale pale. Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi hawakuwa wakizungumzia vitalu, ila mwenye kitalu anapaswa kuisikia methali hiyo kila asubuhi. Mzizi wa mti unapozeeka hugeuka kuwa mbao. Mzunguko uliokuwa laini kama uzi hukakamaa, kisha hunenepa mwaka baada ya mwaka kama shina linavyonenepa. Mizunguko ile ikianza kusukumana, mmoja humkaba mwenzake, na ule wa juu hulikaba shina lenyewe. Maji hupanda kwa shida. Mti hauna mkono hata mmoja uliotoka nje kushika udongo wa mbali. Na bado utaota majani, utatoa maua, utazaa, kwa sababu mizizi michache ya juu inautafutia chakula. Usiku mmoja baada ya mvua nyepesi, udongo ukilainika na matunda yakiwa mazito, basi.

Miche ile niliichagua mwenyewe, miche 40, kwenye kitalu cha kando ya barabara. Nilichukua mirefu kuliko yote. Muuzaji alinisifia, akasema ile imekomaa, ina zaidi ya mwaka mmoja na nusu pale kitaluni, na nikaongeza pesa kwa furaha. Sikuichungulia chini hata mmoja. Ningeichungulia ningeona mizizi iliyosokotana inatokeza kwenye matundu ya plastiki, na kwa elimu niliyokuwa nayo ningejua maana yake. Jambo hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu mwezi ule ule nilikuwa darasani nikifundisha sura ya mizizi.

Jumamosi ile na kesho yake nilizunguka miti mingine 39 na kijiti, nikifukua udongo wa juu kuzunguka shina. Ipo ishara, na mwenye shamba anaweza kuiona bila kuchimba sana. Mti mzima hutanuka kidogo unapoingia ardhini, kama mguu unavyotanuka kwenye wayo. Mti uliojiviringisha huingia ardhini umenyooka kama nguzo iliyochomekwa. Nilihesabu 11 ya namna hiyo. Baadhi niliikata mizizi ya juu iliyokuwa inakaba shina. Mingine nimeiegemeza kwa miti na nimeiacha izae mpaka itakapochoka.

Kuna dhana nilikuwa nayo mimi, na naisikia kwa wakulima wengi, kwamba mizizi ni kivuli cha mti: urefu wa juu ndio urefu wa chini. Sivyo. Mizizi mingi ya miti ya matunda iko kwenye mita moja ya juu ya udongo, na ile inayolisha mchungwa ipo zaidi kwenye sentimita 60 za juu. Kwa upande, hata hivyo, huenda mbali, hupita mwisho wa matawi na kuendelea. Ndiyo maana naumia nikimwona mtu amerundika samadi kwenye shina la mti kama anaulisha kwa kijiko mdomoni. Pale shinani kuna mizizi minene ya kushikilia na kusafirisha tu. Midomo iko mbali, pale matone ya mvua yanapodondoka kutoka kwenye ncha za matawi, na zaidi ya hapo. Zungushia samadi yako huko.

Wapo wanaoshuka mbali kweli. Mwembe ulioota mwenyewe kwenye udongo mzuri unaweza kupeleka mzizi mkuu wake mita 6 chini, na ndiyo sababu kiangazi kikikausha kila kitu hapa kwetu maembe yanaendelea kunenepa. Kule Botswana, kwenye jangwa la Kalahari, wachimbaji wa kisima walikutana na mizizi ya mti mmoja, Boscia albitrunca, kwenye kina cha mita 68. Mti wenyewe juu si mkubwa. Ukisimama chini yake unakupa kivuli cha watu wachache.

Lakini ukubwa wa mizizi haupimwi kwa kina. Mwaka 1937 mtafiti wa Marekani, Howard Dittmer, alitoa matokeo ya kazi inayohitaji subira ya ajabu. Alipanda mmea mmoja wa rai, nafaka jamaa ya ngano, kwenye sanduku la udongo, akauacha miezi minne, kisha akaosha udongo na kupima mizizi. Urefu wake ukijumlishwa ulifika kilomita 622. Hiyo ni safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Arusha, ndani ya sanduku moja, kwa mmea mmoja wa nafaka. Na hapo hajahesabu vinywele. Alipovijumlisha vinywele vya mizizi peke yake alipata zaidi ya kilomita 10,000.

Vinywele hivyo ndivyo vinavyokunywa. Kila kimoja ni seli moja tu iliyojirefusha kutoka kwenye ngozi ya mzizi, nyembamba kiasi cha kupenya kati ya punje za udongo. Haviishi sana, vingi ni vya siku chache au wiki kadhaa, mzizi unarefuka na kuota vipya mbele. Ndiyo maana mche wa mchicha au nyanya uliohamishwa hunyauka hata ukiumwagia ndoo nzima ya maji. Maji yapo, wanywaji wamekatika. Mama hupandikiza nyanya jioni, huzitilia kivuli cha majani ya mnazi, na hupunguza majani makubwa. Alifanya hivyo tangu nikiwa mtoto. Mimi nilikuja kujifunza sababu chuoni: jani likiwa dogo na jua likiwa limepungua, mmea hupoteza maji kidogo wakati mizizi inatengeneza vinywele vipya.

Mchungwa una jambo lake la pekee hapa. Vinywele vyake ni vichache na vifupi, hautoshelezwi navyo. Unategemea kuvu. Kuna kuvu wa udongoni ambao huingia ndani ya mizizi bila kuidhuru na kutandaza nyuzi zao nje, nyembamba kuliko kinywele chochote, wakiuletea mti fosforasi na maji. Mti nao huwapa sukari iliyotengenezwa na majani. Wataalamu huuita ushirika huu maikoriza, na mimea mingi ya nchi kavu inao. Udongo wa kitalu uliochomwa moto kuua magonjwa huua na kuvu hawa pia, kwa hiyo konzi mbili za udongo wa juu kutoka chini ya mchungwa mzima wenye afya zinaweza kuwa na thamani kuliko mfuko wa mbolea.

Mahindi nayo huwaita kuvu hao. Mizizi yake hutoa kemikali kidogo sana udongoni, kama mtu anayebisha hodi. Bahati mbaya kuna mwingine anayesikiliza. Mbegu za kiduha, ndogo kama vumbi, zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 bila kuota, zikisubiri hodi hiyo hiyo. Zikiisikia huota, hujishikiza kwenye mzizi wa hindi na kunyonya. Mkulima anaona mahindi yamedumaa na maua mazuri mekundu au ya zambarau yamechomoza katikati ya mistari, wakati wizi wenyewe ulianza wiki nyingi nyuma, chini ya miguu yake.

Nirudi kwenye michungwa. Ukila chungwa la Muheza, jua kwamba maji yale matamu hayakufyonzwa na mchungwa. Miche yetu hubebeshwa. Unaatika mbegu ya mlimau, mche ukifikia unene wa penseli unapachika chipukizi la mchungwa kwenye ngozi yake, likishika unakata mlimau wa juu. Kinachobaki ni mti wa watu wawili: kuanzia pale kwenye kovu kwenda juu ni mchungwa, kwenda chini ni mlimau. Mlimau huchaguliwa kwa mizizi yake, ina nguvu, inakua haraka, inavumilia ukame. Udhaifu wake ni maji yaliyotuama, huko huoza upesi chini ya shina na kuanza kutoa gundi.

Kwa nini tusibebeshe kwenye mdanzi, yaani mchungwa mchungu, ambao mizizi yake haiozi ovyo? Watu wa Argentina na Brazili walifanya hivyo. Miaka ya 1930 na 1940 ugonjwa wa virusi uitwao tristeza uliingia kwenye michungwa iliyobebeshwa juu ya mdanzi ukaua mamilioni ya miti. Namna ulivyoua ndiyo inayonigusa. Virusi huharibu njia ya chakula pale kwenye kovu, maji yanaendelea kupanda lakini sukari ya majani haiwezi kushuka. Mizizi inafanya kazi kama kawaida, inatuma maji juu, na yenyewe inakufa njaa. Ikishakufa, majani nayo hufuata kwa kiu. Ubaoni nimechora mishale ya maji ikipanda miaka yote hii, na mara chache sana nimesisitiza mshale wa chakula unaoshuka.

Mbele ya nyumba ya mama kuna minazi mitatu, na mizizi yake ni ukoo mwingine kabisa. Mnazi hauna mzizi mkuu. Kutoka kwenye kitako cha shina huota mizizi maelfu, yote inakaribiana unene, hakuna mkubwa wa wengine, na hainenepi kadiri miaka inavyopita kama mzizi wa mwembe unavyonenepa. Ndiyo sababu mnazi unaweza kukaa hatua chache kutoka ukutani miaka 40 bila kupasua msingi, wakati mwembe wa jirani yetu umeinua sakafu ya baraza. Mahindi, mpunga, mkonge na majani ya malisho ni wa ukoo huo wa mnazi. Mizizi yao haifiki mbali sana chini, lakini ndiyo inayofunga udongo wa juu usiondoke na mvua. Ukitaka kuzuia korongo, otesha majani kwanza.

Mama hupenda niandike kuhusu mihogo, maana ndiyo iliyonisomesha. Muhogo ni mzizi, na ni mzizi ambao kwa kawaida haukuanzia kwenye mbegu. Tunapanda kipande cha shina, kwa hiyo hakuna mzizi mkuu kutoka kwenye mbegu. Kipande hicho huotesha mizizi pembeni, michache kati yake huamua kunenepa na kujaza wanga. Mzizi huo haurudi kuwa mmea: hauna macho. Hapo ndipo unapotofautiana na kiazi mviringo, ambacho watu hukiita mzizi ilhali ni shina lililojificha ardhini, na yale macho yake ni machipukizi ya shina. Tangawizi nayo ni shina. Kiazi kitamu ni mzizi, karoti ni mzizi.

Milima tunayoiona kutoka uani kwetu ni ya Usambara Mashariki, na huko juu iko Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Katika enzi ya Waingereza, mwaka 1936, mtafiti H. H. Storey alieleza kwa mara ya kwanza kitaalamu ugonjwa wa mihogo ambao leo tunauita michirizi ya kahawia. Miaka hiyo hiyo ya 1930 Amani walianza kuchanganya muhogo na ndugu zake wa porini, ukiwemo mti wa mpira wa jamii ya muhogo, kutafuta aina zinazostahimili batobato. Batobato ina huruma kidogo, inajitangaza: majani yanakunjamana na kuwa na mabaka. Michirizi ya kahawia haina huruma hiyo. Majani yanaweza kuwa na manjano hafifu pembezoni mwa mishipa, kitu ambacho mtu hudhani ni uzee wa jani. Shamba linapendeza. Siku ya kuvuna unakata muhogo unakuta ndani kuna mabaka ya kahawia, makavu kama gome, hauliki hata na mbuzi.

Mwaka nilipokuwa kidato cha pili mama alivuna shamba la namna hiyo. Nakumbuka alivyoukata muhogo wa kwanza, akautazama, akakata wa pili, wa tatu, akaliacha panga chini na kukaa juu ya tuta. Hakusema neno. Shamba zima lilikuwa kijani tukiwa tumelizunguka. Ugonjwa huo huenezwa na nzi weupe, na pia na sisi wenyewe tunapogawiana vijiti vya mbegu kwa wema, jirani kwa jirani. Kabla ya kuchukua mbegu kwa mtu, omba akung'olee shina moja ukate mihogo yake. Si dharau. Mwenye shamba mwema atakubali.

Habari njema nayo hukaa chini. Ng'oa kunde au njugu mawe wakati zinatoa maua, kwa upole, na udongo wake. Utaona vinundu kwenye mizizi. Vina bakteria wanaochukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea, jambo ambalo mmea wenyewe hauwezi. Hermann Hellriegel wa Ujerumani alilitangaza mwaka 1886, baada ya karne nyingi za wakulima kujua kwamba nafaka hustawi pale palipokuwa na jamii ya kunde bila kujua kwa nini. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi, rangi hiyo inatokana na protini inayofanana na ya damu yetu. Kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi. Mwanafunzi akishapasua kimoja na kuona ule wekundu, hutamwambia tena asome ukurasa fulani.

Swali la mama lilinifikisha mpaka Mkinga, kwa shangazi, kwenye ukingo wa bahari. Nilitaka kuona mizizi isiyojificha. Shangazi alinipeleka maji yakiwa yametoka, akiitaja miti kwa majina: huu mkoko, huu mchu, ule mkandaa, kule mbele baharini mlilana. Mizizi hupumua kama sisi, inahitaji oksijeni, na ndiyo sababu mchungwa uliosimama kwenye maji hufa kiu ukiwa ndani ya maji: mizizi iliyokosa hewa haiwezi kufyonza. Tope la pwani halina hewa kabisa, linanuka yai viza. Kila mti pale umetafuta njia yake. Mkoko husimama juu ya mizizi inayoshuka kutoka shinani kama miguu ya kaa, yenye vitundu vidogo vya kupitisha hewa. Mchu hutandaza mizizi chini ya tope kisha husimamisha juu vijiti kama penseli, mamia kuzunguka mti mmoja, kila kimoja ni pua. Muia huinua mizizi iliyokunjwa kama goti. Maji yakijaa vyote hufunikwa na kusubiri, yakitoka huvuta pumzi.

Na chumvi? Mizizi ya mkoko huizuia nyingi kabla haijaingia. Mchu nao huzuia, lakini inayopita huisukuma mpaka kwenye majani. Shangazi alichuma jani la mchu akanipa nilambe upande wa juu. Chumvi tupu. "Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunashindana kulitafuta lenye chumvi zaidi," alisema. Aliniambia pia kwamba vijana waliokata mikoko kwa ajili ya boriti walifuatwa na bahari wenyewe, mawimbi yakala ufukwe mpaka karibu na kaburi za wazee. Mizizi ile iliyosongamana ilikuwa inayavunja mawimbi na kulizuia tope lisiondoke. Ng'ambo ya mpaka, Gazi, kaunti ya Kwale nchini Kenya, wanakijiji wanaotunza mikoko yao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakilipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu huo, na pesa zimeingia kwenye maji na shule. Sehemu kubwa ya kaboni hiyo imekaa kwenye tope, pale mizizi ilipo.

Niliporudi Muheza mama alikuwa ameshafukia lile shimo. Nilimweleza yote, kuanzia ile kunde ya kwenye gilasi. Alisikiliza, akauliza maswali mawili ya maana, kisha akasema: "Basi kosa letu ni kuuweka mche ungoje." Sikuwa na la kuongeza.

Safari hii hatununui miche iliyobebeshwa. Tumekamua malimau yaliyokomaa, tukaosha mbegu, tukaatika 60 kwenye viriba virefu vilivyokatwa vitako. Vimesimama juu ya kichanja cha waya, nusu mita kutoka ardhini, ili ncha ya mzizi ikitoka chini ikutane na hewa, ikauke, na mzizi uotee matawi juu yake badala ya kuzunguka. Milimau itapandwa shambani ikiwa midogo. Kubebesha tutabebeshea huko huko, mizizi ikiwa imeshashika njia yake. Mashimo niliyachimba mapana kuliko marefu. Yamejazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza, na konzi kadhaa kutoka chini ya mchungwa wa zamani wa babu, ambao uliota wenyewe kutoka kwenye mbegu na haujawahi kulala.

Jana usiku mama amepiga simu. Alikuwa ameinama chini ya kichanja na tochi, nikamsikia anavyohema. "Mwanangu, vincha vyeupe vimeanza kuchungulia kwenye waya. Viwili, vitatu. Mvua bado haijakatika. Unakuja lini?"